Picha ya Mtu Usiyemjua

Mhadhara kwa wapiga picha wa mitaani na wapenzi wa picha, Dar es Salaam



Kuna swali ambalo mpiga picha wa mitaani hulikuta mapema, awe Kariakoo, Marikiti ya Mombasa au Gikomba ya Nairobi: "Hiyo picha unaipeleka wapi?" Mara huulizwa kwa upole, mara kwa ukali, na mara nyingine anayeuliza hata hakuwamo kwenye picha. Wengi wetu tunababaika. Tunasema, "Ni ya kwangu tu," jibu ambalo halijawahi kumtuliza mtu, maana kama ni ya kwako tu, sura ya mwenzio inafanya nini humo?

Nitakayosema jioni hii yanazunguka kubabaika huko. Nashikilia kwamba mtaa hauogopi kamera. Mitaa yetu imeizoea kamera kuliko tunavyodhani. Hakuna kipaimara, kitchen party wala mahafali ya chekechea yanayokwisha bila mpiga picha. Kinachoutia mtaa hofu ni mtu anayepiga huku anajifanya hapigi, na ambaye akiulizwa hana la kusema.

Tuanze na wenye hofu, kwa sababu tuna tabia mbaya ya kuwaona kama kikwazo cha sanaa yetu.

Pita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa nne asubuhi. Kijana amepanga viatu vya mtumba juu ya turubai, viwili viwili, vilivyong'arishwa mpaka unajiona. Mwaka 2021 machinga wa jiji hili waliamriwa kuondoka kando ya barabara na kuhamia maeneo yaliyotengwa, na vibanda vingi vikavunjwa. Baadhi walirudi kidogo kidogo. Mpaka leo sikio lao moja liko kwa mteja na jingine linasikiliza kama mgambo wanakuja. Kwako wewe, picha ya kijana huyo ni picha ya mtu hodari aliye kazini. Kwa ofisa wa manispaa inaweza kuwa ushahidi. Sasa unamwambia "usiogope, bro," na wala hujui anachokiogopa ni nini.

Hatua chache mbele yuko bodaboda ambaye leseni yake imekwisha muda. Yuko bwana aliyeomba ruhusa ofisini kwamba anaumwa, na hapa anachagua pazia. Yuko anayewakwepa watu wa mikopo ya kausha damu na hataki ijulikane kwamba sasa yuko upande huu wa mji. Yuko dada aliyevuka barabara mara moja na khanga kiunoni kununua chumvi, wala hakujiandaa kuuza sura. Wako wawili wanaokunywa juisi ya miwa ambao kila mmoja ana wake nyumbani. Hakuna atakayekueleza sababu yake. Wote watakuambia maneno yaleyale, "Hatutaki kupigwa picha," nawe utarudi nyumbani ukisimulia kwamba watu wa Kariakoo wakali.

Na juu ya hayo yote kuna simu. Zamani picha ikipigwa ilikaa ndani ya mkanda, ikasafishwa, ikaishia kwenye albamu ya mtu. Leo dakika tano zinatosha. Picha ya mtu aliyesimama karibu na duka inarushwa kwenye kundi la WhatsApp, chini yake mtu anaandika "mwizi huyu, tumkamate", na jioni mwenye sura haelewi kwa nini watu wanamtazama hivyo. Watu wanalijua hili vizuri kuliko sisi tunaojiita wasanii. Wameona wenzao wakichekwa kwa picha ambazo hazikuwa na kosa lolote isipokuwa maneno yaliyoandikwa chini yake. Hata hivyo jambo lenyewe si geni sana. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 studio za Unguja, ile ya A. C. Gomes ikiwamo, ziliuza postikadi zenye sura za watu wa mji. Kadi za namna hiyo zilivuka bahari hadi Ulaya, na chini ya sura pakaandikwa kabila au kazi ya mtu, jina lake likiachwa.

Sheria nitaipitia haraka, kwani imekuja nyuma ya adabu na bado inakimbia kuifikia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwezi Septemba 2023 ofisi ya kamishna wake iliitoza klabu moja ya Nairobi Sh. 1,850,000 za Kenya kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja Sh. 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Isomeni, hasa ninyi mnaouza picha kwa matangazo.

Ila kesi mbili za ng'ambo nitazisimulia, kwa sababu zinaonyesha jinsi mahakama zinavyoweza kuitazama picha moja kwa macho tofauti. Huko Quebec, Kanada, msichana wa miaka 17 alipigwa picha akiwa ameketi kwenye ngazi za jengo mjini Montreal. Picha ikatoka kwenye jarida dogo la sanaa lililouza nakala 722. Haikuwa picha mbaya. Hakuna aliyemdhihaki kwenye maandishi. Lakini wanafunzi wenzake waliiona wakamcheka, naye akashtaki, na mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada ikampa haki yake, fidia ya dola 2,000. Kule New York, Philip-Lorca diCorcia aliwapiga wapita njia wa Times Square kati ya mwaka 1999 na 2001, taa zikiwa zimefungwa juu na yeye akisimama mbali, akiwa na lenzi ndefu, hakuna aliyejua. Mmoja wao alikuwa mzee wa Kiyahudi ambaye imani yake inamkataza kutengenezwa sanamu. Alipogundua baadaye kwamba sura yake imeonyeshwa kwenye ukumbi wa sanaa na kuuzwa, alikwenda mahakamani. Mwaka 2006 kesi ikatupwa, kwa hoja kwamba ile ni sanaa na sanaa inalindwa na uhuru wa kujieleza.

Mimi ni mpiga picha, na natakiwa kufurahia uamuzi wa New York. Siufurahii. Picha zile ni nzuri mno, nakiri, lakini mzee yule hakupewa hata nafasi ya kugeuza uso. Mtu anayekuona una kamera anaweza kugeuza uso, na hiyo ndiyo kura yake. Ukimficha kamera umempigia kura wewe mwenyewe.

Kujificha huku kuna historia ndefu, na mabingwa wake ni watu tunaowaheshimu. Mwaka 1916 Paul Strand alifunga lenzi ya bandia ubavuni mwa kamera yake, watu wa New York wakadhani anapiga kule kumbe anapiga huku. Walker Evans, kati ya 1938 na 1941, aliingia kwenye treni za chini ya ardhi za mji huohuo na kamera aina ya Contax ndani ya koti, lenzi ikichungulia katikati ya vifungo na waya wa kupigia ukishuka ndani ya mkono wa koti hadi kiganjani. Alipata sura ambazo binadamu huwa nazo anapodhani yuko peke yake. Kisha angalieni alichofanya: kitabu chenye picha hizo hakikutoka mpaka mwaka 1966. Robo karne! Nani kati yetu leo angekaa na picha mpaka kesho asubuhi? Henri Cartier-Bresson alifunika kwa utepe mweusi sehemu zinazong'aa za kamera yake ya Leica ili asionekane, na yeye mwenyewe hakupenda kabisa kupigwa picha. Hilo la mwisho hunichekesha kila nikilikumbuka.

Wako waliofuata njia nyingine. Garry Winogrand alikwenda mbele ya watu kabisa, lenzi pana ya milimita 28, kamera inapanda na kushuka usoni mwake, anatabasamu, anatikisa kichwa kama anayesalimia, anapita. Hakuomba ruhusa, na pia hakujificha. Mtu mnene mwenye kamera katikati ya njia, nani asimwone? Ninayempenda zaidi ni Jamel Shabazz wa Brooklyn. Alipotoka jeshini mwaka 1980 alianza kuwapiga vijana wa mitaa yake, wakati ambapo watu wengi wa New York waliwaona vijana hao wakavuka barabara. Alibeba albamu ya picha alizokwisha kuzipiga. Anamsimamisha kijana, anajitambulisha, anamfungulia albamu: hawa ni wenzio, nami ningependa uwe nao. Kijana anajiona yuko kwenye kundi la watu waliopendeza. Ukitazama kitabu chake cha mwaka 2001, Back in the Days, huoni hofu kwenye uso hata mmoja, na huoni pia uso uliolala. Wamesimama. Wamejipanga. Wanakutazama wewe.

Wenzangu wa shule ya "picha ya kweli ni ile isiyotarajiwa" husema kwamba hizo si picha za mitaani, ni za studio isiyo na kuta. Sawa, tuziite hivyo. Lakini huku kwetu ndivyo mtaa ulivyoijua kamera tangu mwanzo. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio kule Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1930. Alimpiga Sultani na akawapiga watu wa mtaa, na mwanawe akaliendeleza duka. N. V. Parekh alifungua studio yake Mombasa mwaka 1942, wanawake wa mji wakaingia wakijua wanatoka na nini. Omar Said Bakor wa Lamu alizunguka na kamera yake kwanza, studio ikaja baadaye. Kwenye kivuko cha Likoni, miaka ya 1990, wapiga picha walisimamisha vibanda vilivyopambwa, nyuma yake mapazia yenye meli na ndege, na mtu aliyetoka bara kuja kutafuta kazi Mombasa alisimama mbele yake akapigwa picha ya kupeleka nyumbani.

Taratibu za biashara hiyo kila mtu mzima hapa anazijua. Unamwita mpiga picha, unajipanga, anapiga, unatoa nusu ya pesa. Kesho kutwa anarudi na picha zilizosafishwa, mnazikagua, mnagombana kidogo kuhusu ile uliyofumba macho, unamalizia deni. Asipoonekana unakwenda kijiweni kuuliza yule kijana wa picha amepotelea wapi. Huo ni mkataba, ingawa haujaandikwa popote: sura yangu ikichukuliwa, itarudi.

Sasa anakuja mtu na kamera kubwa. Hakuitwa. Anapiga, anaondoka, harudi. Kwa macho ya mtaa huyo amechukua kazi nusu akatoroka na nusu nyingine. Ndiyo maana swali si "kwa nini unapiga?" Swali ni "unaipeleka wapi?" Ni swali la mteja ambaye hajaona mzigo wake. Nimelifikiria sana jambo hili na sioni maelezo mengine yanayolielewa swali hilo vizuri zaidi, maana mtu huyohuyo anayekufokea Kariakoo kwa kumpiga bila kumwambia, Jumamosi atamvuta mkono mpiga picha wa harusini na kumwambia, "Hujanipiga na shangazi."

Tuje kwenye kazi yenyewe.

Kamera ikae shingoni kabla hujaingia mtaani. Kijana anayesimama pembeni, anafungua mkoba, anachungulia, anatoa kitu nusu, anakirudisha, ameshatazamwa na macho ishirini kabla hajapiga hata picha moja. Beba kamera moja na lenzi moja. Fulana zenye mifuko kumi na miwili waachieni watalii, na nguo zenye madoa ya kijeshi msizikaribie kabisa, hiyo ni kesi nyingine. Ukienda Mji Mkongwe na kaptura unamwambia kila mzee aliyeketi barazani kwamba hapa si kwenu na hukuuliza.

Lenzi iwe fupi. Milimita 200 inakuweka upande wa pili wa barabara, unamvuta mtu kwako naye hakuoni. Ndiyo lenzi inayotutia matatani kuliko zote, na picha zake za mitaani huwa bapa, watu wamebanwa kama waliochapwa kwenye ukuta. Milimita 35 inakulazimisha uwe mita mbili au tatu kutoka kwa mtu. Hapo anakuona, anakusikia, anaweza kukuuliza. Na usihangaike na fokasi mbele ya watu. Ukiwa na milimita 35 kwenye kamera ya filamu au yenye kihisi kikubwa sawa na filamu, weka tundu la lenzi f/8, pima fokasi mita 3 uiache hapo. Kila kilicho kati ya takriban mita 2 na mita 7 kitakuwa kikali. Jua letu la mchana, kwa ISO 400, linakupa kasi ya zaidi ya sehemu ya 1000 ya sekunde. Maana yake ni kwamba kamera inapanda, inapiga, inashuka, na uso wako unabaki unaonekana. Kinachowatisha watu ni yule anayeganda dakika nzima jicho moja likiwa limefungwa, anazungusha hiki, anabonyeza kile. Hata mimi ningemwogopa.

Kabla ya kupiga, kuna watu wa kusalimia. Kila kona ina mwenyewe, na mara nyingi si mwenye duka kubwa. Ni fundi cherehani aliyekaa pale kuanzia asubuhi mpaka magharibi, ni wakala wa kutuma pesa, ni mzee wa magazeti. Msalimie, mwambie jina lako na unachofanya. Huna haja ya hotuba. Yeye ndiye atakayeulizwa "nani yule?" na jibu lake la maneno matatu litakufaa kuliko kitambulisho chako. Ukikusudia kurudi mara nyingi, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa sheha ukiwa Zanzibar, ujieleze. Wapo mnaoona hayo ni urasimu unaoua msukumo wa msanii. Msukumo unaokufa kwa kumsalimia fundi cherehani sidhani kama ulikuwa na afya.

Niliwahi kumfuata binti mmoja aliyekuwa akijifunza kazi hii, tukaenda soko la samaki la Feri alfajiri, wakati wa mnada. Mnapajua: sakafu inateleza, madalali wanapaza sauti juu ya mafungu ya changu na vibua, wabebaji wanapita mbio na ndoo na hawasimami kwa ajili ya sanaa ya mtu. Ikulu iko jirani, hivyo jambo la kwanza alilofanya ni kuigeuzia mgongo na kuelekea baharini. La pili, alinunua chai ya tangawizi akainywa akiwa amesimama, kamera ikining'inia kifuani wazi. Aliwasalimia waliokuwa karibu. Anayepaa samaki hakupi kiganja, anakunja mkono na kukupa kifundo, maana kiganja kina magamba. Binti alikishika kile kifundo bila kusita, na nikaona wale jamaa wakitazamana wakacheka kidogo.

Kwa wakaangaji kulikuwa na mama mmoja mbele ya karai la mafuta, moshi unamzunguka, pweza wanageuka wekundu. Binti alipiga mara moja. Mama akainua macho.

"Wewe binti, hiyo unaipeleka wapi?"

Binti akaishusha kamera mpaka kifuani. "Shikamoo mama. Nasomea picha. Nakusanya picha za watu wa hapa Feri, zitaonyeshwa chuoni kwetu. Yako nitaisafisha nikuletee Jumamosi."

"Jumamosi! Ndivyo mnavyosemaga."

"Nisiporudi, mama, yule wa chai namba yangu anayo."

Mama akamtazama yule wa chai, yule wa chai akatikisa kichwa. "Basi ngoja nijifunge kitambaa vizuri," akasema. Akajifunga, akasimama wima, mikono pembeni, uso wa pasipoti kabisa. Binti akampiga hivyohivyo alivyosimama, akamwonyesha kwenye kioo, mama akaita wenzake waone. Kisha binti hakuondoka. Mafuta hayasubiri mtu. Baada ya muda mfupi mama alikwisha kumsahau, ameinama tena juu ya karai, anamkaripia kijana aliyeleta kuni mbichi, na hapo ndipo picha yenyewe ilipopatikana. Ile ya kwanza, ya uso wa pasipoti, ilikuwa ya mama. Ile ya pili ilikuwa ya binti. Wapiga picha wengi wanaitaka ya pili bila kulipia ya kwanza.

Tazameni pia kile ambacho hakukifanya. Macho yalipomgeukia, hakuigeuza kamera akajifanya anapiga mashua. Hilo la kujifanya unapiga mnara wa msikiti, au ndege, au unafuta lenzi, ndilo kosa linalozaa ugomvi mwingi kuliko hata picha yenyewe. Mtu amekuona. Anajua. Ukigeuza kamera umemwambia kwamba ulichokifanya ni kibaya na wewe unajua ni kibaya. Ishushe taratibu, mtazame, tabasamu kama una tabasamu, msalimie kama huna.

Kwa sababu hiyohiyo nina mashaka na simu, ingawa najua wengi wenu mmeanzia humo na picha zenu ni nzuri. Simu inaficha. Aliyeinua simu anasoma ujumbe, anajitazama nywele, au anakupiga, huwezi kujua. Japani na Korea Kusini waliliona hili mapema, ndiyo maana simu nyingi zinazouzwa huko hutoa mlio wa kamera usiozimika, hata kama umenyamazisha kila kitu. Huku kwetu mlio huo huzimwa na mwenye simu mwenyewe. Ukipiga kwa simu, uache ulie, na uinue simu juu wazi, usiishike kiunoni kama unaangalia salio.

Akikukatalia mtu, amekataa. Akitaka picha ifutwe, ifute mbele yake, na umwonyeshe kwamba imefutika. Mna hoja zenu kuhusu barabara ya umma na haki ya msanii. Hoja hizo zipelekeni kwenye semina. Mtu aliyesimama mbele yako anatetemeka, na kundi linaanza kukusanyika. Watoto sitawazungumzia sana: mzazi au mlezi akiwa hayupo, usipige, hata kama mtoto mwenyewe anakurukia mbele ya lenzi na kukuomba. Askari akikuzuia karibu na benki, kambi au jengo la serikali, usianze kumfundisha sheria. Baada ya shambulio la Westgate la mwaka 2013 mji wa Nairobi ulibadilika sana kwa watu wa kamera, na mwaka 2015 mpiga picha mmoja aliyejulikana kwa picha za mji usiku alikamatwa akishukiwa ugaidi. Wenzake walipiga kelele kwamba kupiga picha si kosa la jinai, na walikuwa na haki ya kupiga kelele. Lakini mkumbuke askari wa lindo usiku haoni maonyesho yako ya mwaka jana. Anaona mtu peke yake, gizani, anaelekeza kitu kwenye lango.

Nimeulizwa kama haya yote hayamchoshi mtu mpaka akaacha. Yanachosha siku za mwanzo. Halafu mtaa wenyewe unabadilika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mtaa haukawii kukukabidhi la kwako. Utaitwa kumpiga bibi aliyelazwa ndani ambaye familia haina picha yake. Utaombwa picha ndogo za fomu ya shule. Kuna bodaboda wa pale Mnazi Mmoja ambaye alitaka nimpige yeye na pikipiki siku alipomaliza deni lake, akaiosha kwanza, akanipanga mimi nisimame wapi. Kazi hizi hazilipi, lakini mtu uliyempiga na pikipiki yake hawezi tena kuuliza wewe ni nani. Kisha unakuwa pale na kamera mkononi wakati mambo yanatokea, wala hakuna anayegeuka.

Na rudisheni picha. Picha ya karatasi, iliyosafishwa, si ya kutumwa kwa simu. Bei yake haikufilisi. Andika nyuma jina la mtu, mahali na tarehe, mkabidhi mkononi mbele ya wenzake. Yule mama wa Feri aliiweka yake ndani ya mfuko wa plastiki, akaichomeka juu ya ndoo ya chumvi, akaendelea na kazi.

Maswali yenu nitayapokea sasa. Wale waliojiandikisha kwa mazoezi ya kesho, tukutane Feri saa kumi na mbili asubuhi, upande wa wauza chai. Viatu viwe vya mpira, na mje na shilingi za chai.